Sabuni ya Bwana Vitamini

Nchi yenyewe sitaitaja, msije mkaenda huko mkasema mimi ndiye niliyewaelekeza. Jueni tu kwamba ipo ng'ambo ya mpaka, ule mpaka ambao kila nchi inao, na kwamba mimi, Kitwana, nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi katika mtaa wa Mtambaani. Jueni pia kwamba ninasimulia haya nikiwa na afya tele. Hilo la afya tele nimeelekezwa niliseme mwanzoni, na nimelisema.

Mambo yalianza vizuri, na ni haki nianze na uzuri wake. Huko milimani kulikuwa na watoto ambao jua likizama tu walikuwa hawaoni. Walijikwaa kwenye mafiga, wakapapasa kuta, na mama zao wakadhani wamerogwa. Akaja muuguzi mmoja, Sista Leokadia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akawadondoshea vitamini A mdomoni, akarudi zake. Haukupita muda watoto wakawa wanafukuzana na kuku magharibi. Hakuna aliyekuwa amerogwa. Walipungukiwa kitu, wakapewa, wakaona, na yeyote atakayelicheka jambo hilo atakuwa amenikosea mimi.

Balaa ni kwamba Mtukufu Mlezi wa Taifa alipata habari. Alipanda milimani na msafara wake, akamwona mtoto mmoja anachambua mchele giza likiingia, akasimama juu ya gari akauliza swali ambalo washauri wake wanaapa kwamba lilimjia lenyewe:

"Ikiwa tone moja limemfumbua macho mtoto mmoja, je, pipa zima halitalifumbua macho taifa likaiona kesho yake?"

Watu waliosoma walikuwapo. Daktari mkuu wa nchi alikuwapo, na miwani yake. Alifungua kinywa ajibu, akamwona askari anamtazama, akakigeuza kuwa mwayo. Basi swali halikupata jibu, na kwa desturi ya kwetu swali la Mtukufu lisilojibiwa huwa sheria.

*

Ikaundwa Wizara ya Virutubisho na Uzalendo. Waziri wake akawa Mheshimiwa Profesa Ngwenje, aliyepewa uwaziri asubuhi na uprofesa mchana ili visipishane njiani. Wizara ikatoa Tembe ya Taifa. Ilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi, na ndani yake mlikuwa na vitamini A, B, C, D, E, K, na nyingine zenye herufi ambazo watoto wetu walikuwa hawajazifikia shuleni. Waliitia pia rangi ya karoti, ili uzalendo wa mtu uonekane kwa nje. Anayemeza barabara, viganja vyake hugeuka vya njano.

Kila asubuhi niligonga rimu ya lori iliyoning'inia mbele ya nyumba yangu, majirani wakajipanga. Mimi mjumbe nilimeza wa kwanza, juu ya kigoda, mbele ya Bwana Vitamini wa kata. Nyinyi mnaye Bwana Shamba na Bwana Afya. Sisi tulikuwa na Bwana Vitamini. Wetu aliitwa Mashauri, na kabla ya cheo hicho alikuwa akinywesha ng'ombe dawa ya minyoo, kwa hiyo akikushika taya kinywa kilifunguka chenyewe. Nikishameza niliinua ulimi aone, nikasema, "Kumekwenda." Kisha mimi nikawakagua wenzangu. Hata salamu zilibadilika. Watu waliacha kuulizana habari za asubuhi. Mmoja alisema, "Umemeza?" na mwingine akajibu, "Nimemeza, sijui wewe."

Sheria zikafuatana kama siafu. Mchicha ulipigwa marufuku kwa kuwa ni vitamini isiyosajiliwa. Mipapai ikang'olewa usoni pa wenyewe. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikamatwa na fungu la matembele chini ya khanga, akasomewa shtaka la kujilisha. Jua nalo lina vitamini D, hivyo kuota jua bila kibali kukawa wizi wa mali ya umma, na wazee waliozoea kukaa barazani asubuhi wakasogezwa kivulini na mgambo. Halafu, kwa kuwa tembe moja ilikuwa nzuri, redio ikatangaza kwamba mbili ni nzuri mara mbili. Halafu tatu.

Nywele zikaanza kutoka. Midomo ikachanika, vichwa vikauma, mifupa ikauma. Redio ikatutuliza: siha ikiingia mwilini, lazima kitu kitoke kuipisha. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mzee Chande, alipata mawe ya figo. Alilia mchana kutwa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Walikuja watu wa Wizara ya Madini, wakamkumbusha kwamba mawe yote, ya chini na ya ndani, ni mali ya serikali, na asiyatoe bila afisa kuwapo. Alikufa kabla afisa hajapata usafiri. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na Bwana Vitamini. Hatukuuliza. Tuliogopa, na tuliona aibu kuogopa, na aibu hiyo nayo tuliogopa isionekane.

Jambo moja tu lilinishangaza mimi mjinga. Manjano ya kupikia yaliadimika kabisa madukani, ilhali sikusikia harufu ya mchuzi kwa mtu yeyote.

*

Sasa nifike kwangu. Mke wangu Siwatu alishika mimba. Tulipeana hongera kwa kunong'ona, maana tulishazika wawili waliokuja kabla ya wakati wao, na nyumba iliyopitia hayo haipigi vigelegele mapema. Nilimpeleka zahanati. Tuliyemkuta ni yuleyule Sista Leokadia wa milimani.

"Mmemeza?" alituuliza, kama sheria ilivyotaka.

"Tumemeza, sijui wewe."

Alifunga dirisha. Akamtazama Siwatu, akanitazama mimi na viganja vyangu.

"Nasema mara moja tu," alisema. Akampa Siwatu vidonge vidogo, vile ambavyo redio ilivicheka kwa udogo wake. "Hivi ni foliki na madini ya chuma. Mama, meza kila siku, usiruke. Vinamjenga mtoto uti wa mgongo, na wewe vinakuongezea damu."

"Na Tembe?" nikauliza.

"Tembe asimeze. Moja tu ina vitamini A ya kumtosha mtu mwezi mzima, nanyi mnapewa tatu kwa siku. Mimba changa haistahimili. Mtoto huharibika, kichwa, uso, moyo."

"Lakini Sista, si wewe uliyewapa watoto wa milimani vitamini hiyohiyo?"

"Wale walipungukiwa, baba. Mboga bila chumvi hailiki. Ukiimwagia kopo zima hailiki vilevile. Mkeo hakupungukiwa na kitu hicho. Usimpe sumu kwa sababu imeandikwa afya."

Neno sumu lilinifanya nigeuke nyuma kuona kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Hata hivyo wiki ile Sista Leokadia alihamishiwa kituo kingine, na nilipouliza ni kituo gani nikaambiwa ni kile ambacho bado hakijajengwa.

Fikirini basi kazi yangu ya asubuhi iliyofuata. Siwatu alifika mbele ya kigoda, akatia tembe mdomoni, akanywa maji, akafungua kinywa. Akainua ulimi. Zote tatu zilikuwa pale, zimejibanza shavuni, na rangi ya karoti inamchuruzika kwenye meno. Mashauri alikuwa nyuma yangu anatafuna kijiti.

"Mjumbe, mbona kimya? Kuna nini humo?"

Nilisogeza kichwa nikamziba asione.

"Kumekwenda," nikasema, na sauti haikuwa yangu.

Akishafika nyumbani Siwatu alizitema nyuma ya jiko. Tulikuwa na mtetea mmoja mweupe, na kuku hajui siasa. Alizila. Asubuhi baada ya asubuhi alizila, hata manyoya yakaanza kumpukutika, akabaki anatembea uani uchi wa mnyama, akitushtaki kwa kila hatua. Mashauri alipopita akasimama kumtazama.

"Kuku wako anaumwa nini, Mjumbe?"

"Ndui, bwana."

"Mimi nimekuwa kwenye mifugo tangu ujana wangu. Ndui haifanyi hivi." Akacheka, akaniwekea mkono begani na kuuacha pale. "Kuku mzalendo sana huyu."

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mchana uleule tulimchinja yule kuku tukamzika, na hatukuwa na haja ya kumnyonyoa. Lakini tembe za Siwatu tungezipeleka wapi? Chooni mgambo walichungulia, kutazama mkojo wa nani umekolea njano. Ardhini watoto wa jirani wangefukua. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna mtu angepekua. Hivyo nilimeza zangu tatu juu ya kigoda, na nikirudi ndani nikameza na zake.

"Utakufa, mume wangu," Siwatu aliniambia, machozi yanamtoka.

"Nitachelewa kidogo kufa," nikasema. "Yeye ndiye asiyeweza kungoja."

Kila asubuhi akawa anajipaka viganjani mafuta ya nazi na manjano yaliyobaki jikoni kwetu, mimi nikimtazama mlangoni. Yeye alipendeza. Mimi niligeuka njano hadi nyayo. Nywele zote ziliniishia, kichwa kiliniuma nyuma ya macho, na nikaanza kuona vitu viwiliviwili. Kata ikanitangaza Kiganja Bora, ikanivisha shada la maua ya plastiki.

*

Kisha Mashauri akaja kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Jumamosi ni Siku ya Viganja. Mheshimiwa Waziri anakuja mwenyewe. Anakuja na sabuni."

"Sabuni ya nini, bwana?"

"Kuna watu wanajipaka manjano ya kupikia. Sasa manjano yakikutana na sabuni ya mche hugeuka mekundu. Mwanamke yeyote aliyefua nguo yenye mchuzi analijua hilo. Wizara imeligundua juzi."

"Na atakayetoka wekundu?"

"Atapelekwa kuongezewa afya." Aligeuka kumtazama Siwatu, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kusema. "Shemeji, jiandae. Mikono yako inapendeza sana."

Alipoondoka tulipiga hesabu. Akijipaka, sabuni itamsema. Asipojipaka, viganja vyenyewe vitamsema. Barabara zote zilikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi ulitakiwa kuonyesha mikono. Hofu ilinifanya nikasema neno ambalo nalijutia hadi leo.

"Mke wangu, meza kwa siku hizi chache tu. Pengine hazitamdhuru."

Siwatu hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Nimezika wawili," alisema. "Wale waliondoka wenyewe. Huyu simziki kwa mkono wangu."

"Basi Jumamosi tutafanya nini?"

"Tutanawa."

*

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Palikuwa na bendi, beseni kubwa jeupe, na mche wa sabuni juu ya mto wa hariri. Nyuma palikuwa na malori matatu yaliyofunikwa turubai, na hakuna aliyeyatazama mara mbili. Mheshimiwa Profesa Ngwenje alisimama.

"Ndugu wananchi! Adui wa zamani alikuja na bunduki. Adui wa leo amekuja na viungo vya pilau! Amejificha kiganjani mwa jirani yako, kiganjani mwa mkeo, kiganjani mwako wewe mwenyewe, na wewe hujijui! Lakini sabuni, ndugu zangu, haina shangazi wala mjomba!"

Tulipiga makofi kwa uangalifu, viganja visichubuke. Mtaa wangu uliitwa wa kwanza. Niliambiwa mimi ninawe mwisho, kwa kuwa mchungaji hufuata nyuma ya kundi.

Alianza mjane wa Mzee Chande. Akashika sabuni, akasugua. Povu likawa jekundu.

"Mmoja!" akasema Waziri, akitabasamu.

Akafuata fundi cherehani. Povu jekundu. "Wawili!" Akafuata mwalimu wa dini, na mkewe, na mama mkwe wake. Walinawa wakilia kimyakimya, na maji ya beseni yakawa mekundu kiasi kwamba hata ambaye hajanawa aliogopa kuingiza mkono. Waziri akaacha kuhesabu. Alituangalia kama mtu aliyekuja kuvua dagaa akavuta wavu wenye mamba.

"Sabuni hii ni mbovu! Bwana Vitamini, njoo uonyeshe mkono wa mzalendo ulivyo!"

Mashauri hakusogea. Ilibidi asukumwe. Niliiona shingo yake imelowa, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma mtu yule. Alinawa polepole, kwa ncha za vidole. Povu likawa jekundu.

"Mnaniharibia kazi!" Waziri akafoka. Akanyang'anya sabuni, akaisugua kwa hasira atuonyeshe, na nadhani hasira ndiyo iliyomsahaulisha. Alipokumbuka, povu lilikuwa limeshafika vifundo vya mikono, jekundu la kukolea.

Mpiga tarumbeta alimeza mate, ikasikika. Sote tulitazama chini, kwa sababu kuona kiganja cha Waziri kwa hakika ni kosa, hata kama bado halijapewa kifungu. Nikajua sasa tutauawa sote ili asibaki shahidi. Nilimtafuta Siwatu kwa macho, nikaona Siwatu wawili, wote wameshika tumbo.

Waziri akainua mikono yake juu, maji yanamdondokea mikononi mwa koti.

"Ndugu wananchi!" sauti ikatetemeka, kisha ikajikaza. "Mmeshuhudia! Vitamini imevuka ngozi, imefika damuni! Njano ilikuwa shule ya msingi ya uzalendo. Leo taifa limefaulu! Huu wekundu ndio siha yenyewe inayosema! Na kuanzia sasa, asiyetoa povu jekundu ana lake jambo!"

Vigelegele vilivyopigwa pale havikuwa vya furaha. Vilikuwa pumzi za watu waliozibana muda mrefu. Siwatu akaitwa, akanawa, povu likawa jekundu kama la wenzake, akapigiwa makofi. Nikalia mbele ya watu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na nilipotazama ile mikono myekundu yote ndipo nilipoelewa manjano ya mtaa mzima yalikuwa yakienda wapi. Asubuhi zote zile nilichungulia vinywa vya majirani zangu, na kwa kuogopa nitakachokiona sikuona kitu.

"Na Mjumbe anawe," akasema Mashauri.

Nilinawa. Povu lilitoka jeupe. Viganja vilibaki vya njano ileile. Nikasugua tena. Jeupe. Wakaleta brashi ya kufulia, wakanisugua hadi ngozi ikachubuka, na chini ya ngozi nako kulikuwa njano. Mashauri aliinama karibu na sikio langu, amekodoa macho kwa mshangao wa kweli.

"Kumbe wewe ulikuwa unameza?"

"Nilikuwa nameza."

"Kweli kweli?"

"Na za mke wangu."

"Maskini," alinong'ona. Alimtazama Siwatu kidogo, akameza neno, kisha akanyoosha mgongo na kupaza sauti: "Msaliti, Mheshimiwa! Damu yake imekataa!"

*

Kituo ambacho bado hakijajengwa kipo. Nimekiona, maana nimo ndani yake. Hakina paa, ila kina ua wa seng'enge na rimu ya lori. Nilimkuta Sista Leokadia humu, amekonda, nywele hana. Aliniambia kwamba nikiacha kumeza, kichwa kitapoa na nywele zitaota, na pengine macho yatarudi. Kisha tukacheka, kwa kuwa humu mtu huletwa kuongezewa.

Alipojifungua, Siwatu alikuja na mtoto. Hatukuruhusiwa kukaribiana, lakini ua una tundu la kupitisha mkono. Sista alipitisha wake kwanza, akampapasa kichwa, kaakaa, kifua. "Mzima," akasema, akageuka upande asionekane. Kisha mimi. Nilimshika mgongoni, nikashuka na mfupa mmoja mmoja hadi chini, na mgongo wote ulikuwa umefunga. Nikamfungua ngumi. Kiganja chake kilikuwa na rangi ya kiganja. Nilipomtazama usoni niliona watoto wawili, kama macho yangu yanavyofanya siku hizi, nikawafikiria wale wawili tuliowazika, na sikutaka macho yapone upesi.

Mlinzi alikuwa amesimama nyuma ya Siwatu. Mtoto akapiga mwayo, kinywa wazi, ulimi umeinuka. Mlinzi akainama, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Mbona humu hamna kitu?" akauliza.

Siwatu alimfunika mtoto kwa khanga, akageuka, akaondoka bila kuniaga, nami nikamwomba moyoni aongeze mwendo, aongeze, asitazame nyuma. Alikuwa hajafika barabarani rimu ilipogongwa. Nikafungua kinywa.